Mwekezaji wa Nguo Anatafuta Nini Makambako?

Mgeni anayefika Ikonda mwezi wa Juni au Julai, awe ameleta mgonjwa kutoka Dar es Salaam au Mwanza, hutafuta sweta kabla hajatafuta chai. Hospitali ile ya Wakonsolata iko juu kwenye milima ya Makete, mkoani Njombe, na baridi ya huko haina mchezo. Sweta atalipata, tena kwa bei ya kuelewana, lakini mara nyingi litakuwa la mtumba: limefumwa Asia, likavaliwa Ulaya au Marekani, likafungwa kwenye belo na kupandishwa milimani kwa lori. Mkoa wenye baridi kama Njombe unavishwa na watu wa mbali.

Ndiyo maana kila zinapotajwa habari za viwanda, wazo la kumleta mwekezaji wa nguo kutoka nje halikosi kujitokeza. Ardhi ipo, vijana wapo, umeme wa gridi upo. Njia ya kilovoti 220 kutoka mji wa Makambako, mkoani humuhumu, kwenda Songea ilikamilika mwaka 2018. Basi aje. Tatizo ni kwamba tunamwita mtu bila kujua anapiga hesabu gani.

Kiwanda cha nguo za kuuza nje huwa hakiuzi nguo zake chenyewe. Mnunuzi, yaani kampuni yenye maduka New York au London, huleta mchoro, vipimo, idadi na tarehe, na mara nyingi huchagua hata kitambaa na vifungo. Kiwanda kinauza vitu viwili: dakika za mshonaji na uhakika wa kufikisha mzigo siku iliyoandikwa. Kitambaa, ambacho hula sehemu kubwa ya gharama, kwa kawaida hutoka China au India. Pamba yetu ya Simiyu na Shinyanga haisaidii sana hapo, kwa sababu sehemu kubwa husafirishwa ikiwa nyuzi ghafi, kabla haijasokotwa wala kufumwa.

Sasa mweke mwekezaji huyo Makambako. Majora yanashuka bandarini Dar es Salaam, yanasafiri zaidi ya kilomita 600 na kupanda mlima wa Kitonga, yanashonwa, kisha nguo zinarudi njia ileile. Nauli ya lori inauma, lakini zinazouma zaidi ni siku. Shehena ikichelewa, mnunuzi hukata bei au hudai isafirishwe kwa ndege kwa gharama ya kiwanda, na faida yote inaishia angani. Kwa hiyo si ajabu kwamba Tooku, washonaji wa jinzi, walikaa Mabibo, Dar es Salaam, na Mazava, wa nguo za michezo, wakaishia Morogoro. Reli ya TAZARA inapita Makambako tangu miaka ya 1970, na hati ya makubaliano ya kuifufua ilisainiwa Beijing Septemba 2024 mbele ya marais wa Tanzania, Zambia na China. Ikifufuka kweli, hesabu ya siku itabadilika. Kwa sasa treni hiyo bado haijawa kitu cha kumwahidi mtu mwenye tarehe ya meli.

Kuna jambo la pili ambalo wanasiasa hulipita haraka: ufundi. Tunao mafundi cherehani wazuri Njombe mjini, wanaokata suruali, wanaishona na kuitia zipu bila kuhitaji msaada wa mtu. Kiwandani ujuzi huo hauchukuliwi ulivyo. Shati moja hugawanywa katika hatua kadhaa: mmoja anashona kola tu, wa pili mfuko wa kifuani tu, wa tatu yuko kwenye ovaloki anaunganisha ubavu, na shati linasogea mstarini kutoka mkono hadi mkono. Kila hatua ina sekunde zake. Wa mfuko akizubaa, walio mbele yake wanakaa bure na walio nyuma yake wanalimbikiza vipande. Fundi aliyezoea kuimaliza nguo mwenyewe huona kazi hiyo ni ya kumdhalilisha, na kijana aliyekulia kwenye viazi huchukua miezi kabla mkono haujaenda na saa. Miezi hiyo mwekezaji analipa mshahara bila kupata mzigo wa maana. Msimamizi wa mstari anayejua kuusawazisha ndiye adimu kuliko wote, na huyo kwa kawaida huagizwa kutoka nje.

Sisi tunajibu kwa misamaha ya kodi. Chini ya sheria ya maeneo ya uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje ya mwaka 2002, kiwanda kinachouza nje angalau asilimia 80 kiliondolewa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10, pamoja na ushuru wa mashine na malighafi. Si haba. Lakini Kenya nao wana maeneo yao tangu 1990, Athi River ikiwa mfano, na Ethiopia walijenga hifadhi ya viwanda ya Hawassa wakamkabidhi mwekezaji majengo yaliyokwisha kujengwa. Chambo kikiwa kimoja kila mahali, samaki hachagui kwa chambo.

Hawassa inafundisha zaidi ya hapo. Iliyowaleta Wamarekani kule ilikuwa AGOA, sheria yao ya mwaka 2000 iliyoruhusu nguo za Afrika kuingia bila ushuru. Vita vya Tigray vilipopamba moto, kampuni ya PVH ilitangaza mwishoni mwa 2021 kufunga kiwanda chake, na tarehe 1 Januari 2022 Ethiopia ikaondolewa kwenye AGOA. Cherehani hazina mizizi. Unazifungua, unazipanga kwenye kontena, unaondoka. Sisi wenyewe tulionja tishio hilo. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua, Marekani ikatikisa AGOA, na wengi tukarudi nyuma. Rwanda ilikaa na msimamo wake na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu ile. Muda wa sheria yenyewe, ulioongezwa 2015, ulifika ukomo Septemba 2025. Kiwanda kinachoishi kwa sheria ya bunge la wengine hakilali usingizi.

Mfano ninaoupenda uko Bangladesh. Mwaka 1979 kampuni changa ya huko, Desh, ilipeleka watu 130 Korea Kusini wakafundishwe na kampuni ya Daewoo kwa takribani miezi sita. Daewoo hakuja na kiwanda chake. Alikuja na mafunzo, mashine na wanunuzi, akalipwa kamisheni. Waliporudi, ndani ya miaka michache wengi wao waliiacha Desh, wakaanzisha viwanda vyao au kuajiriwa na matajiri wa nyumbani waliotaka kuanza. Desh alikuwa na haki ya kulalamika. Lakini nchi ilipata sekta nzima kutokana na darasa moja, kwa sababu palikuwa na wafanyabiashara wenyeji wenye mtaji wa kumchukua aliyefundishwa.

Hapo ndipo Makambako inaponitia moyo. Wakinga, ambao chimbuko lao ni hiyohiyo Makete ya Ikonda, wamejaza maduka kutoka Makambako hadi Mbeya na Kariakoo, na wengi huagiza bidhaa China. Wanajua bei ya kontena, wanajua kungoja mzigo, wanajua kupata hasara na kuamka. Mwekezaji wa kumtafuta ni yule atakayekubali ubia na watu hao na kuacha ujuzi mikononi mwao, hata akiwa mdogo.

Na bidhaa ya kuanzia ningechagua sweta la shule. Uzi wa akriliki hauhitaji pamba ya Simiyu, mashine za kufuma si mradi wa mabilioni, na mtumba hauwezi kushindana nalo, maana shule hudai rangi yake na mstari wake wa shingoni. Soko liko mlangoni, hivyo Kitonga haituumizi mara mbili. Baadaye, mikono ikishazoea, masoko ya nje yanaweza kufuatwa. Marekani hutoza masweta mengi ya nyuzi bandia ushuru wa asilimia 32, kwa hiyo anayepata nafuu hapo anapata kitu kikubwa.

Kikwazo kitakuwa malipo. Vikundi vya ushonaji vinavyokopa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri vinaweza kununua cherehani, lakini haviwezi kungoja miezi mitatu kulipwa na shule au taasisi. Mwekezaji naye ataliuliza hilo kabla ya kuuliza kiwanja. Halmashauri za Njombe, Makambako na Makete zina idadi ya wanafunzi wao shule kwa shule. Zinaweza kuanza na jambo dogo, kujumlisha masweta yanayonunuliwa kila Januari na kueleza nani atalipa, lini.