Kichomi cha Bibi

Aprili 2020, chuo kilipofungwa na kila mmoja wetu akarudi kwao, mwanachama mwenzetu alijikuta mkalimani wa bibi yake, mzaliwa wa Mombasa. Kompyuta iliwekwa kwenye meza ya jikoni, daktari akatokea kwenye kioo, na Bibi akataja ugonjwa wake kwa neno moja: kichomi.

Wasomaji wetu wanaona ugumu ulipo. Kichomi ni maumivu makali ya ubavuni, na kichomi pia ni nimonia. Mwenzetu akafasiri nimonia. Daktari, ambaye siku zile alikuwa akiitafuta Korona katika kila kifua, akashika habari za kupumua na kukohoa, na nusu ya miadi ikaishia huko. Bibi hakuelewa Kiingereza, lakini alielewa kwamba hasikilizwi. Akashika ubavu wa kulia: "Mwanangu, mimi sikohoi. Nikila sambusa tu, nachomwa hapa."

Yalikuwa mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Tiba mtandao husifiwa kwa kushinda umbali, na sifa hiyo ni ya haki. Tarehe 7 Septemba 2001, Jacques Marescaux akiwa New York aliiongoza roboti iliyotoa kifuko cha nyongo cha mama aliyelala Strasbourg, Ufaransa. Januari 2020, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa kuwa na Korona nchini Marekani alilazwa Everett, jimbo la Washington, na roboti yenye kioo na stetoskopu iliwasaidia madaktari kumhudumia bila kumkaribia kila mara. Machi mwaka huo Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ililegeza masharti, wazee wengi wakaweza kumwona daktari wakiwa nyumbani kwao. Bila hilo, Bibi angebaki na kichomi chake.

Upasuaji wake uliahirishwa, kama wa wengi ambao hali zao hazikuwa za dharura, mpaka Oktoba. Ulifanywa kwa roboti. Tulidhani roboti hukata yenyewe. Kumbe daktari hukaa hatua chache kutoka kitandani, macho kwenye kioo, na vyuma hufuata mikono yake. Wauguzi wako palepale pembeni ya mgonjwa. Roboti ya Everett ilipunguza watu chumbani. Hii haikumwondoa mtu.

Mara hii mjukuu hakufasiri. Sheria ya Marekani inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zimpatie mgonjwa mkalimani bila malipo, ila wazee wetu wengi hawaombi, wakiona aibu kusumbua. Mwenzetu aliomba. Siku ya kutia saini fomu, sauti ya mwanamke ikasikika kwenye simu, na Bibi akamuuliza kwao ni wapi. Lamu, akajibiwa. Basi Bibi akavuta kiti, akaanza kueleza upya, tangu ile sambusa.