Asiyesogea si lazima awe amelala

Huenda siku moja ukaitwa kumwona jamaa yako katika chumba cha wagonjwa mahututi, umkute ametulia tuli, mpira umepitishwa kinywani hadi kooni na mashine inampumulia. Hata kidole hakisogei. Usianze kulia. Yawezekana amepewa dawa ya kulegeza misuli.

Dawa hizi, kama vile atrakuriamu na rokuroniamu, huzuia ujumbe wa neva usifike kwenye misuli. Hutumiwa mpira unapoingizwa, au mapafu yakiwa yameharibika vibaya na mgonjwa anashindana na mashine. Misuli ya kupumua nayo hulegea, hivyo hapewi mtu dawa hizi kabla vifaa vya kumpumulia havijawa tayari. Moyo huendelea kupiga.

Wasilolijua wengi ni kwamba dawa hizi haziondoi maumivu wala haziilazi akili. Mnamo 1947, daktari wa Marekani aitwaye Scott Smith alikubali kudungwa tubokurarini hadi akashindwa kusogeza kiungo chochote, wenzake wakimpumulia. Baadaye alieleza kwamba alikuwa macho muda wote. Kwa sababu hiyo dawa za usingizi na za maumivu hutangulia, wala hazikatizwi mpaka misuli ipate nguvu tena. Mapigo ya moyo yakipanda ghafla, au jasho na machozi yakitoka, muuguzi hodari hushtuka. Lakini dalili hizo zaweza kukosekana na mgonjwa yu macho, kwa hivyo kuzingojea tu ni hatari.

Kuna kifaa kidogo kinachopitisha umeme hafifu mara nne mkononi, kisha huhesabiwa kidole gumba kimeruka mara ngapi. Hivyo dawa haizidishwi. Macho yasiyopepesa hutiwa marhamu yasikauke, na mgonjwa hugeuzwa asipate vidonda.

Dawa hizi zikitumiwa siku nyingi, hasa pamoja na steroidi, misuli yaweza kubaki dhaifu kwa majuma. Utafiti wa Ufaransa wa 2010 ulionyesha kuwa saa 48 za dawa hizi zilipunguza vifo vya wenye mapafu mabovu sana; ule wa Marekani wa 2019 haukuona tofauti. Kwangu mimi, si dawa ya kila mgonjwa.

Basi muulize daktari: "Amepewa dawa ya usingizi pia?" Ni haki yako. Halafu mwite jamaa yako kwa jina, umwambie leo ni siku gani na nani amekuja. Mambo ya bili na shamba yazungumzieni nje.