Fahamu: Mashimo meusi ya kale yanavyosakwa kwa mawimbi ya uvutano

Shimo jeusi la kawaida huzaliwa nyota kubwa inapokufa na kiini chake kuporomoka. Lakini mwaka 1971 mwanafizikia Stephen Hawking wa Uingereza alieleza kuwa mengine huenda yalijitokeza mara tu ulimwengu ulipoanza, kabla nyota yoyote haijawaka, pale maada iliposongamana kupita kiasi.

Yatajulikanaje?

Mashimo meusi mawili yakizungukana hadi kugongana, hutikisa anga na wakati. Mtikisiko huo, yaani mawimbi ya uvutano, ulinaswa kwa mara ya kwanza Septemba 14, 2015 na mitambo miwili ya LIGO nchini Marekani. Kila mtambo una mikono miwili yenye urefu wa kilomita 4, na ndani yake hupita miale ya leza inayopima urefu huo. Wimbi likipita, urefu wa mkono hubadilika kwa kiasi kidogo kuliko upana wa protoni.

Ushahidi utakuwa upi?

Uzito. Nyota haitarajiwi kufa ikaacha shimo jeusi jepesi kuliko Jua. Kwa hiyo LIGO au mitambo mingine ya aina hiyo, Virgo ya Italia na KAGRA ya Japani, ikinasa mgongano wa shimo jepesi kiasi hicho, mshukiwa mkuu atakuwa shimo la kale.

Kwa nini ni muhimu?

Takribani asilimia 85 ya maada ya ulimwengu haionekani. Hujulikana kwa uvutano wake tu. Mashimo ya kale yanaweza kuwa sehemu yake, ingawa mpaka sasa hakuna hata moja lililothibitishwa.