MBA ya muda wote: ada ni nusu tu ya hesabu kwa mwenye malori

Mfanyabiashara au msafirishaji anayetaka kwenda ng'ambo kusoma MBA ya muda wote hana budi kupiga hesabu mbili. Ya kwanza ni fedha zitakazotoka mfukoni. Ya pili, ambayo wengi huisahau, ni fedha ambazo hazitaingia wakati yeye yuko darasani na magari yako barabarani bila mwenyewe.

MBA ni shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Harvard Business School iliyoko Boston, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1908 na iliyokuwa ya kwanza kutoa shahada yenye jina hilo. Kozi yake huchukua miaka miwili, na mwanafunzi huishi hukohuko. Hakuna masomo ya jioni wala ya mwisho wa wiki.

Walioko darasani

Darasa lililoanza mwaka 2024 lilikuwa na wanafunzi 930, wakati maombi yaliyopokelewa yalikuwa 9,856. Kwa maneno mengine, kila nafasi iligombewa na watu zaidi ya 10. Wanawake walikuwa asilimia 45 na waliotoka nje ya Marekani asilimia 35. Kwa wastani, mwanafunzi huwa ameshafanya kazi miaka mitano hivi, na wengi hutoka katika kampuni za ushauri, uwekezaji na teknolojia.

Mtu aliyewahi kukwama siku tatu na kontena pale Malaba au Kasumbalesa ni adimu katika darasa hilo. Hilo si udhaifu. Wanafunzi hugawanywa katika makundi ya watu 90 hivi, na masomo huendeshwa kwa kujadili visa vya kampuni, takriban 500 kwa miaka miwili. Sehemu kubwa ya alama hutokana na mchango wa mwanafunzi katika mjadala, na anayejua kwa vitendo kwa nini lori hurudi tupu bandarini ana la kuwaambia wenzake.

Maombi yanataka nini

Sharti la kwanza ni shahada ya kwanza. Mwenye stashahada pekee, hata awe na malori 50, hapiti. Mwombaji hutoa pia matokeo ya mtihani wa GMAT au GRE, maelezo ya kazi, insha na barua mbili za mapendekezo. Wachache huitwa kwenye usaili. Chuo hakijaweka alama ya chini kabisa ya GMAT, ila ushindani ni mkali. Tahadhari: mtihani huo ulibadilishwa, na tangu mwaka 2024 unatolewa wa mfumo mpya peke yake, wenye alama kati ya 205 na 805. Alama za zamani hazilingani na za sasa, kwa hiyo vitabu na ushauri wa miaka ya nyuma vinaweza kumpotosha mtu.

Kwa waliojiajiri kikwazo huwa barua za mapendekezo. Aliyeajiriwa humwendea bosi wake. Mwenye kampuni yake amwendee nani? Barua ya baba au mjomba mliye naye kwenye biashara haina uzito. Inafaa zaidi ile ya mteja mkubwa wa mizigo, wakala wa forodha au ofisa wa benki aliyewahi kukopesha kampuni, mradi anaweza kueleza kwa mifano jinsi mwombaji anavyofanya kazi na alipokosea akajirekebisha. Vitabu vya hesabu vilivyo safi husaidia pia, maana maelezo ya kazi yasiyo na tarakimu hayasemi kitu.

Suala la lugha linawagusa zaidi wa Lubumbashi, Goma na Bujumbura. Aliyesoma shahada yake ya kwanza kwa Kifaransa hutakiwa kufanya mtihani wa Kiingereza kama TOEFL au IELTS. Aliyesomea chuo kinachofundisha kwa Kiingereza pekee, kama ilivyo kwa vyuo vikuu vya Kenya, Uganda na Tanzania, hahitaji.

Gharama

Ada ya mwaka wa masomo 2024/2025 ilikuwa dola 76,410. Ukiongeza nyumba, chakula, bima ya afya na vitabu, mwanafunzi asiye na familia alihitaji zaidi ya dola 115,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya 230,000 kwa kozi nzima. Kwa fedha hizo mtu ananunua malori kadhaa yaliyotumika pamoja na matela yake.

Ufadhili upo. Karibu nusu ya wanafunzi hupata, na mwaka 2022 chuo kilitangaza kuwalipia ada yote wenye uhitaji mkubwa zaidi, kama asilimia 10 ya wanafunzi. Lakini hutolewa kwa kuangalia uhitaji, wala si alama, na mwombaji huulizwa mapato ya miaka mitatu iliyopita na mali zake. Mwenye magari kadhaa asitegemee kuhesabiwa maskini. Chuo Kikuu cha Stanford nacho kimekuwa na ufadhili wa MBA kwa raia wa nchi za Afrika, kwa sharti la kurudi kufanya kazi barani humu kwa muda usiopungua miaka miwili.

Kabla ya viza ya masomo, mwanafunzi huonyesha kuwa fedha za mwaka wa kwanza zipo. Sera nazo hugeuka. Mei 2025 serikali ya Marekani ilijaribu kuizuia Harvard kupokea wageni, mahakama ikasimamisha amri hiyo. Juni mwaka huohuo ilisitisha viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi. Ni vyema kuuliza ubalozini kabla ya kulipia chochote.

Njia fupi zaidi

INSEAD, yenye kampasi Fontainebleau nchini Ufaransa na Singapore, hufundisha MBA kwa miezi 10 na hupokea wanafunzi Januari na Agosti. Ada yake si rahisi, karibu euro 100,000 kwa takwimu za mwaka 2024, lakini mwenye biashara hukosekana ofisini chini ya mwaka mmoja badala ya miwili. Asiye na mtu wa kumwachia funguo za yadi ana njia nyingine: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa MBA ya jioni, na mchana magari hupakiwa mwenyewe akiwepo.