Kasi na Usahihi katika Uundaji wa Vielelezo vya Data: Mfano wa Taita Taveta

Makala haya yanafafanua kwa nini tarakilishi huchukua muda mrefu kuunda kielelezo kutokana na hifadhidata kubwa. Kielelezo cha data ni muhtasari wa uhusiano uliomo katika data hiyo. Mathalani, ramani ya mwinuko iliyotokana na mamilioni ya vipimo vya ardhi.

Kaunti ya Taita Taveta ni mfano mwafaka. Kutoka nyika ya Voi, ardhi hupanda hadi kilele cha Vuria chenye urefu wa mita 2,208. Chuo Kikuu cha Helsinki, chenye kituo cha utafiti mjini Wundanyi, kimechunguza mabadiliko ya ardhi hii kwa picha za angani na vipimo vya leza.

Sababu ya kwanza ya kukawia ni wingi wa miraba. Kaunti ina eneo la takriban kilomita 17,000 za mraba. Ikigawanywa katika miraba yenye upande wa mita 30, hupatikana miraba milioni 19 hivi. Upande ukipunguzwa hadi mita 1, idadi hufika bilioni 17, yaani mara 900 ya ile ya awali.

Sababu ya pili ni mpangilio. Ili kukadiria mwinuko wa mraba mmoja, programu hutafuta vipimo vilivyo jirani nao. Pasipo faharasa, hulazimika kupekua hifadhidata nzima kila mara, mithili ya msomaji atafutaye neno katika kamusi isiyofuata alfabeti. Faharasa ya mahali hupunguza kazi hiyo, sawa na kuligawa eneo katika vipande vinavyokokotolewa sambamba.

Ipo pia njia ya mkato: kupanua miraba. Hata hivyo, mraba wenye upande wa kilomita 1 una hekta 100, ilhali msitu wa Chawia haufikii kiasi hicho. Katika kielelezo cha aina hiyo, msitu huo humezwa na mashamba yanayouzunguka. Hasara hii si ndogo. Picha za angani zilibainisha kwamba misitu ya asili ya Milima ya Taita ilipungua kwa takriban nusu kati ya 1955 na 2004, na milima hiyo ni makao ya ndege wasiopatikana kwingineko duniani.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta kasi, mtafiti hana budi kuamua ni kitu gani kidogo zaidi kinachopaswa kuonekana, kisha aipange data yake kwa kipimo hicho.