Istilahi za Uchumi wa Uhandisi: Tatizo Litangulie Fasili

Uchumi wa uhandisi ni taaluma ya kulinganisha gharama na manufaa ya njia mbalimbali za kutekeleza kazi moja. Taaluma hii ilichipuka kazini: mwaka 1877 Arthur M. Wellington, mhandisi wa reli wa Marekani, alichapisha kitabu kuhusu uchaguzi wa njia za reli, akipima gharama za ujenzi pamoja na za uendeshaji. Yafaa basi istilahi zake nazo zifundishwe kwa matatizo ya kazini.

Tuchukue istilahi mbili: thamani ya sasa na kiwango cha punguzo. Kwa msomaji wa kawaida, ya kwanza ni bei ya leo sokoni; ya pili ni nafuu apewayo mnunuzi dukani. Maana hizo sizo zikusudiwazo hapa. Mwanafunzi aweza kukariri fasili asiielewe. Na apewe kwanza tatizo.

Halmashauri inachagua pampu ya maji itakayodumu miaka 5. Pampu ya kwanza inauzwa shilingi 4,000,000, na uendeshaji wake ni shilingi 1,500,000 kila mwisho wa mwaka. Ya pili inauzwa shilingi 7,000,000, na uendeshaji wake ni shilingi 600,000. Tukijumlisha tu, ya kwanza itagharimu shilingi 11,500,000, na ya pili 10,000,000. Lakini fedha ya mwakani si sawa na ya leo. Kwa riba ya asilimia 10, shilingi 1,000 za leo zitakuwa 1,100 mwakani. Kwa hiyo shilingi 1,100 za mwakani zina thamani ya sasa ya shilingi 1,000. Asilimia itumikayo kurejesha fedha ya baadaye kwenye thamani yake ya leo ndiyo kiwango cha punguzo.

Kwa kiwango cha asilimia 10, thamani ya sasa ya gharama zote ni takriban shilingi 9,686,000 kwa pampu ya kwanza na 9,274,000 kwa ya pili. Kwa asilimia 20, ni 8,486,000 na 8,794,000. Uamuzi umegeuka, ilhali bei za pampu ni zile zile.

Mfasiri akiandika "punguzo la bei" mahali pa "kiwango cha punguzo", diwani atadhani muuzaji amelegeza bei, wala hatauliza kwa nini asilimia fulani imechaguliwa. Ndipo fedha za umma huweza kupotea. Mwalimu na aanze na pampu, kisha ataje istilahi. Naye mfasiri aifafanue inapotokea mara ya kwanza, kisha asiibadili.