Kalamu ya insulini inayokumbuka: Mgonjwa anataka msaidizi, si askari

Na Mwandishi Wetu, London

"HIVI nimeshajichoma sindano au bado?"

Kwa mtu anayeishi na kisukari na kutegemea insulini, hilo si swali la mchezo. Akijichoma mara ya pili kwa kuwa amesahau ile ya kwanza, sukari inaweza kushuka mpaka akatetemeka, akachanganyikiwa, akapoteza fahamu na hata kufa. Asipojichoma kabisa kwa kudhani amekwishafanya hivyo, sukari hupanda, na mwenye kisukari aina ya kwanza anaweza kujikuta amelazwa hospitali.

Piga hesabu, ndugu msomaji. Anayejichoma mara nne kwa siku, yaani sindano tatu za chakula na moja ya insulini ya muda mrefu, hujichoma mara 1,460 kwa mwaka. Jambo unalolifanya kila siku, mahali pale pale na kwa namna ile ile, ndilo jepesi kusahaulika. Unakumbuka vizuri kwamba umejichoma, ila huna hakika kama ni leo au ni jana.

Kwa sisi tulio ughaibuni hali huwa ngumu zaidi. Wapo wenzetu wanaofanya shifti za usiku katika nyumba za kutunzia wazee, wanaokula chakula cha mchana saa tisa za usiku. Wapo madereva wa teksi wanaojichoma ndani ya gari, kati ya abiria mmoja na mwingine. Ukija mwezi wa Ramadhani, daktari hupanga upya dozi na saa zake kufuata futari na daku. Na katikati ya yote simu ya nyumbani inalia, mtu anaiweka kalamu mezani, anazungumza nusu saa, na akirudi hajui tena alifika wapi.

Ndiyo maana kalamu za insulini zenye kumbukumbu, ambazo watu wengi huziona kama urembo wa teknolojia, zinastahili kuzungumzwa kwa Kiswahili.

ZILIKOTOKA

Insulini iligunduliwa Toronto, Canada, mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa kwayo. Kwa zaidi ya miaka 60 iliyofuata njia ya kawaida ilikuwa ni kichupa na bomba la sindano. Mwaka 1985 kampuni ya Denmark ambayo leo inaitwa Novo Nordisk ilitoa NovoPen, kalamu ya kwanza ya insulini. Kalamu za leo za kujazwa upya hubeba katriji ya mililita 3, yenye uniti 300 kwa insulini ya kawaida. Unazungusha kitufe cha nyuma mpaka uone idadi ya uniti unazotaka, unachoma, unabonyeza, basi.

Kujichoma kukawa rahisi, lakini kusahau kukabaki pale pale. Ilipofika karibu na mwaka 2007 kampuni ya Marekani, Eli Lilly, ikaleta HumaPen Memoir, kalamu ya kidijitali iliyohifadhi dozi 16 za mwisho pamoja na tarehe na saa zake. Mwaka 2010 Wadenmark wakajibu kwa NovoPen Echo, iliyowalenga hasa watoto kwa kuwa hupima mpaka nusu uniti. Hiyo ilikumbuka jambo moja tu: dozi ya mwisho ni uniti ngapi, na zimepita saa ngapi tangu ichomwe.

Baadaye zikaja kalamu zinazozungumza na simu. InPen iliidhinishwa Marekani mwaka 2016, na hupeleka taarifa kwenye simu kwa Bluetooth. NovoPen 6 na NovoPen Echo Plus huhifadhi hadi dozi 800. Ukiigusisha kalamu na simu, au na kifaa cha kusomea kilichopo kliniki, orodha yote huhamia huko. Hazichajiwi, kwani betri yake imekusudiwa kudumu miaka minne hadi mitano.

MGONJWA ANATAKA NINI?

Mtu angedhani kwamba kalamu yenye dozi 800 lazima ipendwe kuliko yenye dozi moja. Si lazima. Kila mgonjwa ana swali lake, na kalamu bora ni ile inayolijibu.

Mzee mwenye macho hafifu anataka tarakimu kubwa, asitafute vitufe, na asilazimike kumwita mjukuu amfungulie programu ya simu. Kwake yeye dozi ya mwisho na saa zilizopita zinatosha kabisa. Mama mwenye mtoto wa shule anataka kujua kama sindano ya mchana ilichomwa, bila kumhoji mtoto kila akirudi nyumbani. Kijana wa chuo mwenye kitambuzi cha sukari kilichobandikwa mkononi anataka kuona dozi na mstari wa sukari kwenye kioo kimoja, aelewe kwa nini kila Jumamosi sukari yake inapaa.

Kwamba orodha ndefu ina faida, upo ushahidi. Utafiti mdogo wa Sweden uliochapishwa mwaka 2020, uliohusu wagonjwa 94 wa kisukari aina ya kwanza katika kliniki 12, ulionyesha kuwa baada ya kuanza kutumia kalamu zenye kumbukumbu na kuzipitia pamoja na daktari, muda ambao sukari yao ilikuwa katika kiwango kinachotakiwa uliongezeka kwa karibu saa mbili kwa siku. Dozi za chakula zilizosahaulika zilipungua kwa asilimia 43. Tuseme pia kwamba utafiti huo uligharimiwa na watengenezaji wa kalamu, na haukuwa na kundi la kulinganisha lililochaguliwa kwa bahati nasibu. Hata hivyo matokeo hayo si ya kutupwa.

SHAHIDI DHIDI YA NANI?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kumbukumbu ni kitu kizuri inapomhudumia mwenyewe. Ikigeuka kuwa shahidi dhidi yake, mgonjwa ataikimbia.

Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wagonjwa walipewa mita za kupimia sukari zenye kumbukumbu ndani yake, bila wao kujua. Daftari zao zilipolinganishwa na mita, ilibainika kuwa baadhi waliandika vipimo ambavyo havikupimwa, na wengine waliacha vile vilivyokuwa vibaya. Wepesi wa kuhukumu watasema ni uongo. Lakini jiulize kwa nini mtu mzima amdanganye daktari kuhusu mwili wake mwenyewe. Ni kwa sababu anaogopa kugombezwa kama mtoto wa shule.

Wengi wetu tuliotoka katika nchi ambako kuandikwa jina kwenye orodha hakukuwa habari njema tunaielewa hofu hiyo bila kufafanuliwa. Kwa hiyo kabla ya kukubali kalamu inayotuma taarifa, una haki ya kuuliza: Nani ataziona? Zitakaa wapi? Naweza kuacha kuzituma nikitaka? Na muuguzi naye, akiona pengo la siku mbili kwenye orodha, aanze kwa kuuliza "kulikuwa na nini siku hizo?" kabla ya "kwa nini hukuchoma?" Pengine mgonjwa alifiwa, pengine alifanya shifti mbili mfululizo. Jibu la swali la kwanza ndilo linaloponya.

YASIYOONEKANA NA KALAMU

Kalamu haijui kila kitu. Hurekodi kwamba kitufe kilibonyezwa na uniti kadhaa zikatoka. Haijui kama ziliingia mwilini au zilimwagika kwenye shati. Kabla ya kujichoma tunafundishwa kurusha uniti mbili hewani kuhakikisha sindano inapitisha dawa, na kalamu huzihesabu hizo pia. Ukiona kioo kinaonyesha 2 wakati dozi yako ni 14, huenda ulijaribu sindano kisha ukaitwa. Vilevile mwenye aina mbili za insulini anahitaji kalamu mbili, na ni heri ziwe za rangi tofauti, maana kumbukumbu ya kalamu moja haijui ya nyingine.

KABLA HUJAITUMA NYUMBANI

Wengi wetu tukiona kitu kizuri huku, wazo la kwanza ni kumnunulia mama au kaka aliye nyumbani. Nia ni njema, lakini uliza kwanza. NovoPen hutumia katriji za Novo Nordisk na HumaPen hutumia za Lilly, haziingiliani. Ikiwa mama anapata insulini ya kichupa katika hospitali ya wilaya, kalamu uliyomtumia itakuwa pambo la kabatini. Hata penye kalamu, upatikanaji si wa milele: mwaka 2024 hospitali za umma za Afrika Kusini zilikumbwa na uhaba baada ya mkataba wa kalamu za insulini ya binadamu kumalizika bila kuhuishwa, na wagonjwa wakarudishwa kwenye vichupa na mabomba. Mara nyingi fedha hizo zitamfaa zaidi zikinunua vipande vya kupimia sukari.

Na asiye na kalamu hiyo hajakosa njia. Daftari na peni kando ya insulini vinatosha, mradi uandike papo hapo. Wengine huweka asubuhi sindano nne tu za siku hiyo ndani ya kikombe. Ikibaki moja jioni, unajua mlipofika. Kalenda ya ukutani na alama ya tiki nayo imesaidia wengi.

Ukiwa na shaka, usijichome tena kwa kubahatisha. Pima sukari kwanza, kisha mpigie muuguzi au daktari wako. Ikiwa chini ya 4 kwa mita zetu za Uingereza, au chini ya 70 kwa mita zinazosoma miligramu, kunywa juisi au maji ya sukari mara moja, upime tena baada ya dakika 15.

Kwa walio England, mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa ana haki ya cheti kinachomwezesha kupata dawa zake bila malipo. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini dawa za kuandikiwa ni bure kwa wote. Basi ukienda kliniki safari ijayo, usisubiri kuulizwa. Waambie wakuonyeshe kalamu zote walizonazo, uzishike, uzizungushe, uone kama unazisoma bila miwani. Anayechomwa ni wewe, na wa kwanza kuchagua awe wewe.